Choo, ua na mlango wa pili: kugeuza nyumba ya Ngamiani kuwa kituo cha mchana

SWALI: Mimi ni fundi mkuu hapa Tanga. Tumepewa nyumba ya zamani ya vyumba sita, Ngamiani, tuigeuze kituo cha mchana cha watu wanaotumia dawa za kulevya, wakiwemo wanaokunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kila siku katika Hospitali ya Bombo. Kamati inataka nondo kila dirisha, kaunta ya kioo na choo kisicho na komeo. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu fundi, anzia chooni, kwa sababu hapo ndipo mtu hufa bila kuonekana. Sheria yetu hairuhusu dawa za kulevya kutumiwa kituoni, lakini mwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, hatasubiri ruhusa, na mlango ukishafungwa ni yeye na Mungu wake. Katika kazi yangu ya mwanzo ya namna hii niliweka mlango wa choo unaofungukia ndani. Kijana alizidiwa, akaanguka akiuegemea, na tuliusukuma kwa dakika ambazo sijazisahau hata leo. Heroini ikizidi hupunguza pumzi mpaka ikate, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Mlango ufungukie nje, uachwe wazi sentimita 20 hivi kutoka sakafuni ili miguu ionekane, na kitasa kiwe na mwanya upande wa nje unaozungushwa kwa sarafu. Komeo libaki, maana mwanamke hawezi kujisaidia huku akishikilia mlango kwa mkono. Weka na chombo kigumu cha sindano, kilichofungwa ukutani. Wakikushauri taa za bluu ili mishipa isionekane, kataa: mtu atajidunga vivyo hivyo, akosee na kujiumiza zaidi.

Dawa ya naloksoni, inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na heroini, ikae mahali ambapo kila mhudumu anaifikia bila kutafuta ufunguo. Nguvu yake inaweza kuisha heroini ingali mwilini, hivyo aliyezinduliwa asiachwe aende zake. Chumba kilicho karibu zaidi na meza ya wahudumu kiwe cha kupumzikia, chenye kitanda kinachoonekana kutoka mezani.

Nyumba yenyewe imekurahisishia kazi. Ina baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma. Watu wasisubiri barazani, wakitazamwa na kila apitaye kama maonyesho. Wasubiri uani, penye kivuli, maji ya kunywa na mabenchi yenye ukuta mgongoni, kwani aliyezoea kupigwa na kukimbizwa hatulii akiwa ameupa mlango kisogo. Kama ua una mlango wa uchochoroni, usiuzibe, kwa sababu ukumbi wenye mlango mmoja hugeuka mtego ugomvi ukizuka au moto ukiwaka. Chumba cha wanawake kiwe na njia yake, isiyopita katikati ya wanaume.

Nondo za madirishani, kwa joto la Tanga, ningezibadilisha kwa louva za mbao zinazopitisha upepo, na zile za chumba cha kuhifadhia vifaa zibaki. Kioo cha kaunta sioni faida yake. Meza pana ya kawaida inatosha, mradi mhudumu akae karibu na njia ya kutokea.

Kabla hujabomoa ukuta wowote, chora mpangilio sakafuni kwa chaki, uwaalike watumiaji wanne au watano, wanawake wakiwemo, watembee humo kutoka mlangoni hadi chooni, nawe urekebishe mchoro kila wanaposita.