Modeli iliyopunguzwa inalipuka ikiunganishwa na mzigo

Ndugu wa Kisumu, nimekuelewa: modeli ya nyaya za saketi uliyoipunguza kwa AWE (mbinu ya kuifanya modeli iwe ndogo ili ikokotolewe haraka) ni tulivu ikiwa peke yake, lakini ukiiunganisha na mzigo volteji inapaa tu. Hiyo ni kukosa pasiviti, yaani sifa ya kutozalisha nishati: modeli inatoa nishati ambayo shaba haiwezi kuzalisha. Usiongeze oda, yaani idadi ya poli (namba zinazoeleza jinsi saketi inavyotulia au kutetema): AWE ikivuka poli chache, makosa ya tarakimu huiharibu. Jaribu PRIMA, mbinu nyingine ya kupunguza modeli, ya 1998. Inalinda pasiviti, mradi matrisi zako za awali (majedwali ya namba za saketi) ziwe na muundo inaoutaka. (Zihifadhi mapema, stima za kwetu unazijua.) Kisha linganisha na modeli kamili: mpigo unaopanda kwa nanosekunde 1 unadai ulinganishe hadi masafa ya takriban MHz 350. Ukiingiza kwenye modeli ucheleweshaji wa mawimbi, dhamana ya PRIMA ya kulinda pasiviti haipo. Muone msimamizi wako kabla ya kuagiza bodi.