Mama hana meno: aagize nini kwenye mgahawa wa kinawabu Lucknow?

Dada, nimekuelewa: mama hana meno, korosho zinamdhuru, na mkifika Lucknow, India, unataka aonje vyakula vya manawabu, watawala wa zamani wa huko. Mwagizie kababu za galouti. Nyama husagwa ikawa laini kabisa, ikatiwa papai bichi. Ukiibana kwa ulimi tu inayeyuka. Baba yangu, naye hana meno, alimaliza nne.

Biriani ya dum, yaani ya kuivishwa kwa mvuke wake, chungu chake huzibwa kwa unga uliokandwa, mvuke usitoke. Mwombeni mhudumu akifungulie mezani, mama aipate ile harufu.

Korma, ule mchuzi mzito wa nyama, msiiguse, rojo lake mara nyingi lina korosho au lozi. Hata hizo kababu, ulizeni jikoni kwanza. Akivimba midomo au kubanwa pumzi, hospitali papo hapo, msingoje.