Jibu: Braid, adui anafufuka nikirudi kushoto

Mkuu, hiyo siyo hitilafu, usifute gemu ya Braid. Umeuliza kwa nini kwenye dunia ya 4 ukimkanyaga adui halafu ukarudi kushoto anafufuka. Pale muda umefungwa kwenye hatua zako: ukienda kulia unasonga mbele, kushoto unarudi nyuma, ukisimama nao unasimama. Hata muziki unacheza kinyumenyume, sikiliza vizuri.

Kitu ambacho wengi hatukukiona mapema: kuruka wima au kupanda ngazi hakusogezi muda hata kidogo. Mimi nilipoteza jioni nzima nakimbizana na adui, kumbe natakiwa nirudi kushoto taratibu mpaka naye arudi pale ninapomtaka, ndipo nipande.

Na chochote chenye mng'ao wa kijani hakirudishwi na muda. Ukiona ufunguo wa kijani, basi hapo pana mtego.

Kipande cha picha (vile vya fumbo unavyokusanya njiani) kikigoma kiache, songa mbele, utakirudia baadaye. Ila video za majibu achana nazo. Jonathan Blow, mtengenezaji wake, aliitoa gemu hii 2008 na ni fupi. Ukioneshwa majibu, umebakiwa na nini cha kucheza?