Tanki la choo chomboni linanuka mayai viza, na klorini haisaidii

SWALI: Nina jahazi la kulaza wageni hapa Lamu. Tunakuwa watu 10 pamoja na mabaharia. Vyoo ni viwili vya kupampu kwa mkono, vinavuta maji ya bahari, na tanki ni la plastiki, lita 300. Tukitia nanga usiku kwenye mlango wa maji wa Mkanda, harufu ya mayai viza hujaa chomboni. Kila jioni namimina nusu lita ya klorini. Hutulia kidogo kisha hurudi kwa nguvu. Kosa liko wapi? Na likijaa, naweza kulifungulia hapo hapo maji yakitoka?

JIBU: Nahodha, klorini ndiyo inayokurudisha nyuma. Ndani ya tanki mna bakteria wa aina mbili. Wanaohitaji hewa hula kinyesi bila uvundo mkubwa. Wasiohitaji hewa huchukua salfeti, ambayo maji ya bahari yanayo tele, na kutoa gesi ya salfidi hidrojeni, ndiyo hayo mayai viza. Ukimimina klorini unawaua wote walio juu, kisha dawa inaisha nguvu upesi kwa wingi wa uchafu, na kwa kuwa hewa haimo, wanaorudi ni wale wabaya.

Tazama meli kubwa zinazofunga gati bandari mpya ya Lamu. Mtambo wa majitaka wa kawaida una vyumba vitatu: cha kwanza feni inapuliza hewa mfululizo, cha pili tope linatuama na kurudishwa cha kwanza, cha tatu ndipo maji yaliyokwisha kusafika yanapotiwa klorini au kupitishwa kwenye taa ya kuua vijidudu. Klorini ni ya mwisho. Feni ikizimika kwa muda, meli hiyo nayo hunuka kama jahazi lako.

Kwa hiyo anza na bomba la kupumulia la tanki, linalotoa gesi na kuingiza hewa. Nakisia lako ni la nusu inchi, limepinda, na wavu wake umeziba chumvi. Weka la inchi moja na nusu, fupi, linalopanda moja kwa moja bila tumbo la kukusanya maji. Yakiwa mawili, moja kila ubavu, upepo utapita ndani, iwe kaskazi au kusi. Wavu usafishwe kila mwezi: ukiziba kabisa, pampu ya choo inajaza tanki shinikizo, na kiungo dhaifu ndicho kitakachofumuka. Mahali pasipo upepo, pampu ndogo ya hewa ya volti 12, mfano wa ile ya tangi la samaki, yenye mpira unaofika chini kabisa, inatosha kwa kiasi kikubwa.

Pili, ukiweza, safishia choo kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi; salfeti itapungua sana. (Harufu ikitoka kwa pampu ya kwanza ya asubuhi tu, tanki halina kosa: ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuvutia.) Tatu, funga kitambaa cha maji moto kwenye mipira ya majitaka, kikipoa kinuse. Kikinuka, mpira umeshanywa uvundo na dawa yake ni kuubadilisha.

Msimtume kijana aingie tankini, wala kwenye ngama (sakafu ya chini kabisa ya chombo) iliyomwagikiwa majitaka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua hufa ganzi, mtu akadhani imekwisha. Tena usichanganye asidi ya kutolea magaga (ukoko mgumu wa chooni) na klorini. Hutoa gesi ya sumu.

Kufungulia Mkanda, hapana. Maji membamba yale kati ya mikoko hayabadiliki upesi, hasa wakati wa maji mafu. Mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, Kiambatisho cha 4, unazihusu meli za safari za kimataifa za tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba zaidi ya watu 15, lakini chukua kipimo chake: majitaka yasiyosafishwa ni zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, chombo kikienda si chini ya noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa), yakitolewa polepole. Kutia klorini tankini hakuyafanyi yawe yamesafishwa.

Watu 10, kila mmoja mara 5 kwa siku, lita 3 kila mara: lita 150. Tanki lako ni la siku mbili. Panga safari kwa hesabu hiyo, ulinyonye kwa pampu hadi kwenye tanki la maji machafu la nchi kavu, mbali na visima na mbali na vilima vya mchanga vya Shela, maana ndiko mji unakopata maji yake. Ukimaliza suuza kwa lita 20 za maji baridi, na bomba la kupumulia liache wazi.