Usisubiri mzee wako awe wa moto

Tukuyu mwezi wa saba ni baridi na ukungu. Mzee akijikunja kwenye blanketi hadi saa nne asubuhi hakuna anayeshtuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama. Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa Mwanjelwa, Mbeya mjini: "Kaka, mama ananiuliza kama ng'ombe amekamuliwa." Ng'ombe tuliyemuuza siku nyingi!

Nilipofika nilifanya kile ambacho kila mtu hufanya. Nilimwekea kiganja kwenye paji la uso: hana moto. Nikaweka kipimajoto kwapani: 37.2. Hakuwa akikohoa vya kutisha. Alikuwa amegoma kula tu, na maneno yanampotea. Tukasema ni uzee, tukaongeza blanketi. Siku ya tatu alianguka akielekea jikoni, ndipo tukakodi gari. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia, tena sehemu yote ya chini ya pafu la kulia.

Nilibishana na daktari, nakiri. Nimonia bila homa inatoka wapi? Yule binti, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanangu, akaniuliza: "Baba, kwenu kuna mbwa anayebweka usiku kucha?" Nikamwambia yupo, wa jirani. "Mwizi akija kweli, mnaamka?"

Mbwa aliyemaanisha ni kinga ya mwili wa mzee. Nimeisoma habari hiyo tangu siku ile, nami si mganga, kwa hiyo ninaieleza kama nilivyoielewa. Seli za kinga huongea kwa kutumiana molekuli ndogo zinazoitwa saitokaini. Zipo nyingi, ila tatu zinatajwa sana: interlukini-1, interlukini-6 na TNF. Kidudu kikiingia kwenye pafu la kijana, hizo hutolewa kwa wingi, zikafika kwenye ubongo na kuuambia upandishe joto. Homa ni amri inayotoka ndani ya mwili wenyewe. Interlukini-6 pia huliamuru ini litengeneze protini ya CRP, ile ambayo maabara huipima kujua kama kuna mchochota, yaani ule moto wa ndani unaoleta uvimbe, wekundu na maumivu.

Kwa mzee mambo yanageuka pande mbili kwa mpigo. Upande mmoja, saitokaini hizo zinabaki damuni kidogo kidogo kila siku hata kama hakuna ugonjwa. Anayewajua wachoma matofali wa Mbarali atanielewa: tanuri la pumba za mpunga halitoi ndimi za moto, lakini linafuka kwa siku nyingi, nalo linaivisha matofali kweli. Mwaka 2000 mtafiti wa Italia, Claudio Franceschi, na wenzake waliipa hali hiyo jina linalounganisha maneno mawili, mchochota na uzee. Wanaihusisha na magonjwa ya moyo, kisukari cha ukubwani na kuisha kwa misuli. Pumba zenyewe zinatoka sehemu nyingi: seli zilizochoka ambazo hazigawanyiki tena wala hazifi, zikabaki zikimwaga saitokaini; pia mafuta ya tumboni, fizi zinazotoka damu, moshi.

Upande wa pili, hatari ya kweli ikija, seli za mstari wa mbele zinachelewa kuitambua na sauti yao ni dhaifu. Tezi ya thaimasi, ambako askari wapya wa kinga hufundishwa, huanza kusinyaa tangu ujana, ikajaa mafuta. Ndiyo maana hata chanjo haiwashiki wazee kama inavyowashika vijana.

Kosa letu jingine lilikuwa kwenye mfuko wa khanga. Mama alikuwa akimeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya magoti, amenunua mwenyewe duka la dawa. Dawa hiyo huzuia kutengenezwa kwa kemikali ambayo saitokaini huitumia kuuambia ubongo upandishe joto. Kwa hiyo hata ile homa ndogo ambayo uzee ulikuwa umemwachia, sisi tuliizima. Achilia mbali figo, presha na vidonda vya tumbo. Ukiwa na mzee nyumbani, kagua mfuko wake leo, kwa adabu, ukiwa umeketi naye.

Siku hizi tunafanya hivi. Mama akiwa mzima tulimpima joto asubuhi kadhaa mfululizo, tukapata 36.1 hivi. Tumeiandika kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa kabati. Kwa mtu wa 36.1, ile 37.2 iliyonidanganya ilikuwa imeshapanda zaidi ya nyuzi 1, na hiyo kwa mzee inatosha kumpeleka hospitali. Tunahesabu pumzi zake akiwa ametulia, dakika nzima, si kukadiria. Mtu mzima huvuta kati ya 12 na 20. Ikizidi 25 hatujadiliani. Akianza kuchanganya maneno ghafla, akianguka, akikataa chakula au akijikojolea kwa mara ya kwanza, tunachukulia ni ugonjwa mpaka mtu aliyesomea atuambie si ugonjwa. Uzee hauingii kwa siku 2.

Kuhusu tanuri lenyewe, sijaona cha kuuziwa kwenye chupa, ingawa stendi ya Mwanjelwa wanauza kila kitu. Mafiga tumeyatoa kwenye kile kijumba kisicho na dirisha. Jino bovu liling'olewa. Na mama anatembea kila siku hadi kwenye miparachichi na kurudi, kwa sababu misuli inayofanya kazi hutoa interlukini-6 yake, ya muda mfupi, ambayo badala ya kuchochea moto huita zile zinazoupoza. Hapo nilishangaa sana: molekuli ileile, kazi tofauti, kutegemea imetoka wapi na imekaa muda gani.

Mwenyewe kero yake kubwa ni saa yangu ya mkononi. Jumapili iliyopita nilikuwa nimefika pumzi ya kumi na nne akanikatiza: "Bado unahesabu? Haya, maliza, mboga zangu zinapigwa jua."