Hema la mtu mmoja kwa mvua na upepo wa mlimani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwongoza watalii msaidizi katika njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro, na nimechoka kulala katika hema la pamoja linalovuja. Kwenye mitumba ya soko la Memorial nimeona hema la mtu mmoja lisilofika kilo moja, linalosimamishwa kwa fimbo za kutembelea. Je, litahimili masika?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, hema hilo nisingelinunua. Halina fito zake, kwa hiyo linategemea vigingi na kamba tu, nawe unaijua ardhi ya kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, ambako kigingi hugonga mwamba kabla hakijazama. Kamba zaweza kufungwa kwenye mawe, lakini kufanya hivyo gizani, upepo ukivuma na vidole vimekufa ganzi, ni taabu nisiyopenda ikukute.

Tafuta hema linalosimama lenyewe kwa fito mbili au tatu zinazopishana, kwa kuwa kila zinapokatana ndipo hema linapopata nguvu ya kutolazwa na upepo. Fito ziwe za alumini; zile za nyuzi za kioo ni nzito zaidi na hupasuka ghafla, ilhali alumini ikizidiwa aghalabu hupinda kwanza, na unaweza kuitia gango la kipande cha bomba hadi mshuke. Hema la namna hiyo huwa na kilo moja na nusu hadi mbili hivi, na uzito huo wa ziada ndio usingizi wako.

Angalia pia linavyosimamishwa. Mahema mengi hutanguliza chumba cha ndani, na mvua ya msituni hukilowesha kabla hujakifunika. Chagua lile ambalo turubai la nje hutangulia, au vyote viwili husimama pamoja, na turubai lishuke hadi karibu na ardhi.

Kwa kuwa ni mtumba, kagua utepe unaoziba mishono, na ukiona sakafu inanata, liache, maana utando wake wa kuzuia maji umekwisha kuharibika. Kabla ya kupanda nalo, lisimamishe uani, ulimwagie maji robo saa, kisha uingie ndani kupapasa pembe. Likiwa la nailoni, kumbuka kwamba kitambaa hicho hulegea kikilowa, hivyo kaza kamba upya kabla ya kulala.