Mashine ya Sumaku na Mkono Uliopooza

SWALI: Daktari, salaam. Mume wangu ana miaka 58 na alipatwa na kiharusi miezi 5 iliyopita. Siku hizi anatembea kwa fimbo, lakini vidole vya mkono wa kulia vinakunjuka kidogo tu. Mwanetu amesoma kwamba ng'ambo kuna mashine ya sumaku inayosisimua ubongo bila upasuaji, na ameona mtandaoni kifaa cha umeme ambacho mtu hujivalisha kichwani akiwa nyumbani. Tunafikiria kuuza kiwanja ili tumsafirishe, au walau tununue kifaa hicho. Unatushauri nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole sana kwa kuuguza, dada. Kiwanja msikiuze kwa ajili hiyo, na kifaa hicho msikinunue.

Mashine aliyoisoma mwanao ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza. Koili, yaani waya uliozungushwa kama pete, huwekwa juu ya kichwa, umeme mwingi hupitishwa ndani yake kwa muda mfupi mno, na nguvu ya sumaku inayotokea hupenya fuvu na kuziamsha seli za ubongo zilizo chini yake, kiasi kwamba ikielekezwa kwenye sehemu inayotawala mkono, vidole hushtuka. Kifaa cha kuvaa hufanya kazi kwa namna nyingine: hupitisha umeme hafifu, aghalabu miliampea 1 hadi 2, kupitia sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi, na umeme huo huzifanya seli ziwe nyepesi au nzito zaidi kuitikia, bila kuziamsha zenyewe.

Matumaini ya wataalamu yalitokana na hoja kwamba nusu mbili za ubongo huzuiana, hivyo moja ikijeruhiwa, ile nzima huielemea na kuichelewesha kupona. Ndiyo maana walijaribu kuituliza nusu nzima kwa mpigo 1 wa sumaku kila sekunde, au kuichochea iliyojeruhiwa kwa mipigo ya kasi zaidi. Tafiti nyingi ndogo zilileta habari njema. Kisha likaja jaribio kubwa la Marekani liitwalo NICHE, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Lilihusisha watu 199 waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 12 kabla ya kuanza, wote wakafanyishwa mazoezi ya mkono chini ya usimamizi, wengine wakiwekewa koili halisi na wengine koili bandia. Baada ya miezi 6, asilimia 67 ya waliopata koili halisi walikuwa wamepiga hatua ya maana, na asilimia 65 ya waliopata koili bandia vilevile. Jaribio la umeme hafifu lililochapishwa mwaka 2025, likiwa na washiriki 129, nalo halikuonyesha kwamba umeme huo uliongeza faida juu ya mazoezi.

Mimi sizisomi takwimu hizo kwa huzuni. Takriban wawili kati ya kila watatu waliendelea vizuri, nao walikuwa katika kipindi kilekile alichomo mumeo sasa. Walichokuwa nacho wote ni mazoezi ya kurudiarudia, yenye lengo na msimamizi. Utafiti unaendelea, na ikiwa hospitali yenye wataalamu itamwalika mumeo kushiriki bila malipo, nitaunga mkono. Kujiwekea umeme nyumbani ni jambo jingine: sponji ikikauka huunguza ngozi, na kiharusi chenyewe huweza kuacha kovu linaloleta degedege, hali ambayo lazima daktari aichunguze kwanza. Mwenye chuma ndani ya kichwa au betri ya moyo ana hatari zaidi.

Fedha mlizo nazo zielekezeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mwulizeni kama vidole vya mumeo vinakunjuka kiasi cha kutosha kwa tiba ambayo mkono usiopooza huvalishwa glavu nene kwa saa nyingi za mchana, ili ule dhaifu ulazimike kushika kikombe, kufunga vifungo na kugeuza ufunguo. Tiba hiyo ilipimwa Marekani kwa watu 222, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha faida iliyodumu hadi mwaka mzima. Wakati huohuo shinikizo lake la damu lipimwe mara kwa mara na dawa zisikatizwe, kwa maana kiharusi cha pili huweza kufuta yote aliyoyapata.

SWALI: Baba yangu tangu apate kiharusi hulia ovyo na hukataa mazoezi. Je, mashine hiyo ingemfaa?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Takriban mtu mmoja kati ya watatu hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya kiharusi, wala si ukaidi. Marekani iliidhinisha mashine ya sumaku kwa sonona mwaka 2008, hasa kwa wale ambao dawa hazikuwasaidia, kwa hiyo haianzwi nayo. Kuna pia kilio kinachomtoka mgonjwa bila yeye kuwa na huzuni, kwa sababu ya jeraha la ubongo, nacho kina dawa. Mpeleke kliniki wiki hii, ueleze yote mawili, na umwombe daktari atofautishe.